Kabla hujajaza tahasusi anayoitaka mzazi

Nafundisha Fizikia kidato cha tano na sita. Kila wanapofika wapya wa PCB, yaani tahasusi (mchanganyiko wa masomo matatu) ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, huwa nawauliza mmoja mmoja kwa nini wamechagua masomo haya, na jibu ninalolisikia zaidi ni "mzazi alisema nisome sayansi." Si jibu baya. Mzazi aliyekulea anajua mambo yako ambayo wewe mwenyewe hujayatambua. Ila jibu hilo haliendi mbali. Litakufikisha bwenini na tranka lako, litakuvusha muhula wa kwanza, kisha zinakuja prepo za usiku na kemia ya oganiki, na asiye na sababu yake mwenyewe anaanza kusinzia juu ya daftari.

Kwa hiyo wewe unayesubiri kupangiwa shule, ukiambiwa "uwe daktari", usikimbilie kukubali wala kubisha. Subiri mzee ametulia, umuulize kwa adabu: "Baba, kwa nini udaktari?" Mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna jambo zito: ndugu aliyefariki kwa kukosa matibabu, au mtoto wa jirani mwenye shahada aliyekaa nyumbani bila kazi. Hofu ya ajira ni ya kweli, msiidharau. Lakini ukishajua kwamba anachohofia ni ajira, mnaweza kuzungumzia ajira, na hapo njia huwa zaidi ya moja.

Njia hizo wazazi wengi hawazijui, na si kosa lao. Tahasusi zilikuwa 16. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza 65, ingawa si kila shule inazo zote. Mzazi anayetamani mwanawe awe daktari anaweza asijue kwamba CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) haina Fizikia, wakati shahada ya udaktari wa binadamu inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Wala asijue kwamba kwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo hayo matatu, unaweza kuomba diploma ya utabibu ya miaka 3 bila kupita kidato cha tano. Kaa naye, mfungue pamoja miongozo ya udahili ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), msome vigezo mstari kwa mstari. Akiwa mkali, mtafute shangazi au mwalimu wa taaluma aanzishe mazungumzo. Matokeo yakitoka, Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, hufunguliwa kwa muda ili mbadilishe machaguo. Usibadilishe kimya kimya, maana utamhitaji mzazi huyo siku ya jaribio la kwanza baya.

Wapo pia wanaokimbilia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kwa sababu tu baba aling'ang'ania sayansi, ilhali Kemia wana A. Hao nao wamechaguliwa na baba, kwa mlango wa nyuma.

Jambo moja silikubali kabisa: binti mwenye B ya Hisabati na Fizikia kuambiwa na wazazi wake kwamba PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ni ya wavulana. Binti yangu, hapo waheshimu, wasikilize, kisha waombe waje shuleni tuzungumze. Sisi walimu tutaweka matokeo yako mezani na kukutetea.