Re: Spika ya wati 2000 au ya wati 700?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, unashangaa spika ya wati 700 kuuzwa ghali kuliko ya wati 2000, zote za inchi 15, na kazi yako ni hotuba pamoja na bendi.

Kabla ya yote, angalia hizo wati ni za aina gani. Mara nyingi 2000 ni kilele cha muda mfupi sana, na nguvu ya kuendelea ni robo yake, yaani 500. Kisha tafuta usikivu, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati 1, umbali wa mita 1. Tofauti ya desibeli 3 tu ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kwa hiyo ile ya 700 inaweza kabisa kumzidi mwenzake.

Ukimaliza takwimu za kwenye karatasi, sikiliza spika yenyewe. Mimi huanza na maikrofoni na sauti ya mtu ninayemfahamu, maana muziki uliorekodiwa vizuri huficha mengi. Aongee, nami natembea kutoka katikati kwenda pembeni. Maneno yakififia mapema, watu wa viti vya kando watateseka hata uongeze sauti vipi. Baadaye ipandishe hadi kiwango cha kazi, uiache hapo muda mrefu: sauti ikianza kuwa kali masikioni au taa ya limita (kinga inayozuia sauti isizidi uwezo wa spika) ikiwaka mfululizo, achana nayo.

Besi ya bendi usiitegemee kwenye spika hizi, tafuta sabwufa (spika maalumu ya besi). Ukumbi wenyewe una urefu gani?