Jibu: Wakristo nao wana siku 120?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama sisi Wakristo tuna hesabu kama yenu Waislamu ya siku 120 kabla mtoto hajapuliziwa roho tumboni. Tuliwahi kuwa nayo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki: mtoto wa kiume hupata roho baada ya siku 40, wa kike 90. (Hiyo ya wa kike usiniulize. Bibi yangu hapa Mkunazini aliicheka mpaka akapaliwa na chai.) Kabla yake sana, Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, alishikilia kuwa roho na mwili huanza pamoja.

Kanisa Katoliki lenyewe liliyumba kwenye adhabu, ingawa kutoa mimba kulibaki dhambi siku zote. Mwaka 1588 Papa Sixtus V aliadhibu utoaji wowote sawasawa. 1591 Gregory XIV akarudisha tofauti ya mimba yenye roho na isiyo nayo. 1869 Pius IX akaifuta.

Wengi hudhani Roma imeshataja saa yenyewe roho inapoingia. Haijataja. Tamko lake la 1974 kuhusu utoaji mimba liliacha swali la roho wazi, ila likasema mimba ilindwe tangu kutungwa, kwani hata ukiwa na shaka tu kwamba ni mtu, huna ruhusa ya kuigusa.