Kwa nini sisi wa visiwani hatuachi siasa za nyumbani

Mbukwenyi wakuu.

Mleta uzi ameuliza kwa nini sisi tulioko nje, hasa visiwani, hatutulii tukafurahia bahari, badala yake kutwa tunajadili siasa za Bongo kama vile tunaishi Area C, Dodoma. Nitajibu kwa niliyoyaishi. Nipo Shelisheli mwaka wa tisa sasa, fundi wa viyoyozi na majokofu, na hivi ninavyoandika nimekuja likizo nyumbani Ihumwa, nimekaa chini ya mwarobaini wa mama.

Tuanze na hiyo bahari. Mimi huiona nikiwa juu ya mapaa ya hoteli, spana mkononi. Hewa ya chumvi haina huruma na mashine ya kiyoyozi inayokaa nje: unagusa yale mapezi ya alumini yanapukutika kama majivu, na mashine yenyewe haijamaliza miaka mitatu. Kisiwa kikuu, Mahé, unakizunguka kwa gari asubuhi na mchana umeshamaliza. Mtu wa Ugogoni aliyekua anaona mvua ikinyesha kijiji cha tatu, mwaka wa kwanza anabanwa kifua: nyuma mlima, mbele maji. Mvua yenyewe huko inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati kwetu hata 600 haifiki. Desemba yangu ya kwanza nilisimama kibarazani nikiitazama inavyomwagika kuelekea baharini, nikawa nawaza tu uwele wa mama.

Sisemi ni pabaya. Watu wake ni wema, mshahara unakuja kwa wakati. Lile tunda tunaloliita shelisheli wao wanaliita friyapen, na wanaamini ukilila kisiwani lazima urudi. Nimelila sana. Lakini kibali cha kazi, ambacho kila mgeni anakiita GOP, kimefungwa kwa mwajiri. Kazi ikiisha na kibali kimeisha, unafungasha. Sasa mtu wa namna hiyo asipojali kwao, ajali wapi?

Na kwao kwenyewe hakukai kimya kumngoja. Niliondoka 2017, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza inahamia Dodoma. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa pale Mtumba, jirani zetu kabisa. Muda si mrefu mama akanipigia, nipo juu ya paa, akasema, "Baba, wameweka bikoni katikati ya uwele." Shamba la marehemu mzee likawa viwanja. Fidia ilituchukua miaka minne, faili "halionekani" mara mbili, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Kila simu niliyopiga ilikula muda wangu wa chakula, na kila mara naambiwa aje mhusika mwenyewe. Mhusika ni mama mwenye magoti mabovu.

Naomba nieleweke. Sipingi makao makuu. Uamuzi ulipitishwa 1973 na wazee wetu wengi wamekufa wakiusubiri. Juzi nimetoka Dar kwa treni ya SGR, haikufika saa nne niko Dodoma, na moyo ulinijaa. Ninachosema ni kwamba siasa kwangu haijawahi kuwa mambo ya kwenye televisheni. Ni bikoni kwenye uwele. Ukiwa mbali unaisikia zaidi, kwa sababu huna namna ya kwenda kusimama pale shambani.

Halafu ikaja Oktoba 2025, na hapa ndipo nataka mleta uzi anisikilize vizuri.

Shelisheli na sisi tuna historia ambayo vijana wengi hawaijui. Baada ya mapinduzi ya Juni 5, 1977 yaliyomweka France-Albert René madarakani, wanajeshi wa Tanzania walipelekwa huko kuilinda serikali yake. Hadi leo nikisema natoka Tanzania, wapo wazee wanaonikumbatia na wapo wanaonyamaza. Mwaka 1979 nchi ikawa ya chama kimoja, vyama vingi vikarudi 1993, na bado chama kile kile cha René kikatawala hadi 2020, kilipoangushwa kwa kura na Wavel Ramkalawan, padri wa Kianglikana aliyekuwa amegombea mara nyingi akishindwa. Nilikuwepo. Oktoba hiyo ya 2025 wakapiga kura tena, duru ya pili, na Ramkalawan akashindwa na Patrick Herminie, asilimia 47.3 kwa 52.7. Chama kilichoondolewa kwa kura kikarudishwa kwa kura.

Jumapili ile matokeo yalipotoka, Oktoba 12, nilikuwa jikoni kwa bibi mwenye nyumba wangu. Yeye ni mtu wa Ramkalawan damudamu. Alikuwa anamenya friyapen, kisu kikasimama. Redioni wakasema aliyeshindwa amempongeza mshindi. Bibi akafuta macho kwa ncha ya aproni, akamaliza kumenya, akaenda zake kanisani. Jirani waliyekuwa hawasalimiani tangu kampeni akampa lifti.

Siku kumi na saba baadaye ilikuwa zamu yetu. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwa kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake Tundu Lissu, mtu wa Ikungi, jirani zetu hapo Singida, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Oktoba 29 jioni nikamtumia mpwa wangu ujumbe: tiki moja. Usiku tiki moja. Asubuhi tiki moja. Intaneti ilikuwa imezimwa. Nikapiga simu ya kawaida, ile inayomeza salio kwa dakika, mara ya sita ikapokelewa. Mama akasema, "Tupo ndani. Usipige sana, tunza hela yako." Siku zilizofuata nikawa nasikia habari za waliouawa mijini kutoka kwa Wamalagasi na Wakenya niliokuwa nafanya nao kazi, mimi mwenye nchi nawauliza wao. Tukatangaziwa ushindi wa Rais Samia wa asilimia 97.66. Novemba Rais akalihutubia Bunge hapa hapa Dodoma, akatangaza tume ya uchunguzi. Na mimi sikupiga kura huko kwa kuwa si raia, wala huku, kwa kuwa Mtanzania aliye nje hana kituo cha kupigia.

Kwa hiyo ndugu yangu mleta uzi, tunapiga kelele humu kwa sababu ndiyo sehemu pekee tuliyobakiwa nayo ya kusemea.

Jana jioni mama alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo. Nikamsimulia uchaguzi wa Shelisheli, naye akasikiliza bila kuninyanyulia macho. Nilipomaliza akauliza, "Huyo aliyeshindwa, wamemfanyaje?"

Nikasema hawajamfanya kitu. Amempongeza mwenzake, amekabidhi ofisi, amekwenda nyumbani.

Akachambua majani mawili matatu. Kisha akauliza tena, "Nyumbani kwake?"

Nikamwambia ndiyo mama, nyumbani kwake.