Maswali ya Wasomaji: Mikarafuu 160 na Mama Wawili

SWALI: Assalamu alaikum. Ninaandika tamthilia ya jukwaani kuhusu familia ya hapa Pemba. Baba amefariki na kuacha wajane wawili, wana watatu wa mke mkubwa, binti mmoja wa mke mdogo, na shamba la mikarafuu. Nilipowasomea wenzangu wa kikundi, walisema hawajui nani ni nani. Nikaongeza mazungumzo ya kufafanua nasaba, na mchezo ukazidi kupooza. Nifanyeje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaikumu salamu. Wahusika saba, pamoja na marehemu, si wengi. Ninaloliona ni kwamba kila mmoja umempa uhusiano mmoja tu, ilhali katika nyumba zetu mtu aliyekulea anaweza kuwa ndiye huyo huyo mnayegombea naye shamba.

Anza na hesabu ya mirathi ya Kiislamu. Tuseme shamba lina mikarafuu 160 inayolingana, madeni na wasia vimekwisha kutolewa, na marehemu hakuacha wazazi. Wajane wawili watagawana thumuni, yaani sehemu moja ya nane: mikarafuu 10 kila mmoja. 140 inayobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kwa hiyo kila kaka atapata 40 na binti 20. Nyumba ya mke mkubwa itatoka na 130, ya mke mdogo na 30. Kadhi amegawa sawasawa na sheria, lakini mke mdogo, aliyemuuguza mzee hadi akakata roho, atalala vipi usiku ule? Mwandike yeye kwanza, wala usimtafutie adui.

Kisha mpe binti fungamano la pili. Mama yake aliugua baada ya uzazi, na mke mkubwa, aliyekuwa bado ananyonyesha kitindamimba wake, akampa ziwa. Binti amekua akimwita "mama". Katika maonyesho yote ya mwanzo alitamke neno hilo bila maelezo, wanapokaa jamvi moja kuchambua karafuu.

Jioni ya kurudi kwa kadhi, waketishe pale pale, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, halafu binti aseme, bila kuinua uso: "Bi Mkubwa, nisogezee hilo pakacha." Ni jina la heshima, hakuna awezaye kumlaumu, lakini kila aliyelelewa na mama wawili ataelewa kilichokatika. Zile kurasa za nasaba zifute zote. Mke mkubwa naye usimwandikie jibu. Asogeze pakacha, kisha aendelee kuchambua.