Jibu: Zaka, ada ya mtoto na mume asiyekubali

Bwana Yesu asifiwe, dada. Nimekuelewa hivi: mshahara umeingia, ada ya shule inadaiwa, wewe unataka kutoa zaka (fungu la kumi) kanisani kwanza, mumeo hataki.

Kwanza angalia hiyo hela ni ya nani. Kama ni mfuko wenu wote wawili, usitoe kwa siri. Wanandoa wengi ninaowashauri hawagombani kwa sababu ya kiasi. Wanagombana kwa kuwa mmoja ameona ujumbe wa M-Pesa ambao hakuambiwa habari zake. Kaeni watoto wakishalala, andikeni mapato na madeni, mkubaliane kiwango, hata kidogo. 2 Wakorintho 8:12 inasema utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alichonacho mtu, si kwa asichonacho.

Wachungaji wengi tunahubiri Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka kamili, na kuiruka Marko 7:11-13, pale Yesu anapowakemea waliowanyima wazazi msaada kwa kisingizio cha Korbani, yaani mali iliyowekwa wakfu kwa Mungu. Soma pia 1 Timotheo 5:8, juu ya kuwatunza watu wa nyumbani mwako. Ukilipa ada ya mwanao hujamwibia Mungu, dada yangu.

Hujasema kama mumeo anasali. Kama hasali, usimlete kwangu wala kwa mchungaji wako kama mshtakiwa. Tafuta mzee wa ukoo anayemheshimu, mkae naye.