Muulize Mwalimu: Video za kurekodi au darasa la mubashara?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, nauza duka la dawa hapa Korogwe. Nimejisajili kurudia mtihani wa kidato cha nne Novemba hii kama mtahiniwa wa kujitegemea. Narudia Kemia, niliyopata F, na Baiolojia, niliyopata D, kwa sababu nataka kusomea uuguzi. Nimepata mwalimu anayefundisha Kemia kwa Zoom Jumatatu na Alhamisi, saa 2 hadi saa 3:30 usiku, shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwingine anauza video za masomo yote mawili, silabasi nzima, unalipa 40,000 mara moja na kuangalia muda wowote. Duka tunafunga saa 2 usiku. Dada yangu anasema nichukue video niokoe hela. Unanishauri nini?
Binti wa Korogwe

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwenye hela dada yako yuko sahihi: ukilipa mwezi wa pili tu wa Zoom umeshapita bei ya video.

Ila F ya Kemia mara nyingi haiji kwa kukosa maelezo. Maelezo ulipewa miaka minne. Nimefundisha somo hilo mpaka nikastaafu, na ninajua pa kuangalia. Mpe mwanafunzi asawazishe H₂ + O₂ → H₂O. Anaona oksijeni mbili kushoto na moja kulia, basi anaongeza 2 ndogo chini ya O, inakuwa H₂O₂. Anahesabu: haidrojeni mbili kwa mbili, oksijeni mbili kwa mbili, imelingana! Anafunga daftari roho kwatu. Kumbe maji yameshageuka haidrojeni peroksaidi, ile ile mnayouza hapo dukani ya kusafishia vidonda. Alitakiwa aziache namba ndogo za chini kama zilivyo, aweke 2 kubwa mbele: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Video itamwonyesha njia sahihi hata mara kumi, naye ataitikia kwa kichwa mara zote kumi, maana kufuata mkono wa mwalimu ubaoni hakumshindi mtu. Daftari lake video hailioni.

Wakubwa zenu waliosoma kwa njia ya posta nao walijisomea kwa muda wao, kijitabu mkononi, mwalimu yuko mbali. Lakini zoezi lilikwenda kwa bahasha na likarudi limesahihishwa. Wengi wanaouza video siku hizi wamechukua kijitabu, bahasha wameiacha.

Kwa hiyo Kemia nenda Zoom, ila usitoe hela kwanza. Muulize huyo mwalimu darasa lina watu wangapi na mazoezi anasahihisha nani. Akikuambia watu themanini, maikrofoni zimezimwa, maswali mwishoni muda ukibaki, hiyo nayo ni video, tena mbaya zaidi kwa sababu huwezi kuirudisha nyuma. Akiwa na watu kumi au kumi na tano, na mnampigia picha kurasa za daftari mkamtumia WhatsApp akazirudisha na alama, lipa. Omba kipindi kimoja cha kujaribu. Kikiisha bila mwanafunzi hata mmoja kuitwa jina akaulizwa swali, usirudi.

Halafu kuna huo mgongano wa saa 2, umeutaja kama jambo dogo. Mnafunga saa 2, kipindi kinaanza saa 2. Mpaka uhesabu mauzo, ufunge, ufike nyumbani, unaingia darasani saa 2:25 wakati hesabu za moli zimeshaanzishwa, na mada hiyo ikikupita mwanzo huipati tena katikati. Usijidanganye kwamba utasikiliza ukiwa juu ya bodaboda. Ongea na mwenye duka akuachie saa 1:30 siku hizo mbili, umfidie asubuhi au Jumamosi. Mwambie wazi kwamba unataka uuguzi. Mwenye duka la dawa ni mtu wa kukuelewa kwenye hilo. Akikataa kabisa, tafuta mwalimu mwenye kipindi cha saa 3 au cha Jumapili, hata kama ni ghali kidogo.

Bando: darasa la Zoom la watu wengi wenye kamera wazi linaweza kula megabaiti 800 kwa saa moja, na hata kupita gigabaiti 2. Mwombeni mwalimu kamera zote zizimwe, ibaki sauti na ubao wake. Muulize pia kama amelipia Zoom, maana ile ya bure inakata dakika ya 40, na kipindi chake ni cha saa moja na nusu. Akikuahidi kurekodi vipindi, mshukuru, halafu fanya kama hakusema. "Leo nimechoka, nitaangalia rekodi" ni maneno ninayoyajua vizuri, na rekodi hizo haziangaliwi.

Baiolojia ni habari nyingine. Tayari una D, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni kuelewa, kukariri na kuchora. Hapo video inakufaa: unasimamisha, unachora moyo na vyumba vyake vinne, unarudisha nyuma kuona damu inaingilia wapi. Muulize muuzaji kama anauza Baiolojia peke yake. Pakua kwenye intaneti ya bei nafuu, uangalie bila bando. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vimewekwa mtandaoni, visome sambamba. Jipangie siku maalumu, kwa sababu video haigongi kengele na wengi hununua silabasi nzima wakaishia mada ya tatu. Kila mada ikiisha, chukua swali lake kwenye mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, ulijibu kwa kalamu, video imefungwa.

SWALI

Mwalimu, niko Mombasa, nasoma kozi ya uhasibu ya Uingereza kwa mtandao. Tangu Januari kipindi ni saa 3 usiku. Wiki hii nimeingia saa 3 kamili nikakuta wanaagana. Nihamie kozi isiyo na vipindi?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU

Usihame. Uingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi za kwetu hatuzigusi. Saa 12 jioni ya London, iliyokuwa saa 3 usiku kwako, sasa ni saa 2. Ongeza London kwenye saa ya simu yako na uifuate hiyo. Kipindi kilichokupita waombe rekodi, na uimalize kabla ya kipindi kijacho.