Spice Girls hawakuwa na wimbo mmoja tu
Hapana dada, ukisema Spice Girls, lile kundi la wadada waimbaji wa Uingereza, walibebwa na wimbo wa Wannabe tu unawaonea kabisa. Ile albamu yao ya kwanza, Spice, ilitoka Uingereza Novemba 1996 na singo zake zote nne zilishika namba 1 kule kwao, Wannabe, Say You'll Be There, 2 Become 1, afu ile ya nne yenye nyimbo mbili, Mama na Who Do You Think You Are. Duniani imeuza zaidi ya kopi milioni 20 na Marekani ndo albamu iliyouza kuliko zote mwaka 1997. Na majina yao yapo kwenye utunzi wa kila wimbo, hilo watu hawalisemi kabisa. Mi nilikuwa mdogo hapa Dodoma, kaka alirekodiwa kaseti pale Majengo tukaipiga mpaka utepe ukawa unanasa tunauzungusha kwa biki, na wimbo niliokuwa narudisha nyuma kila siku ni Mama wala sio Wannabe, mpaka leo nikiusikia namuona mama yangu jikoni. Isikilize yote kwanza dada, ni kama dakika 40 tu.